Jina Alilopewa Mgeni

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu ilianza kuharibika saa tisa na robo alasiri. Saa nina hakika nayo, kwa sababu nilikuwa nimeazima saa ya mkono ya mwalimu wetu na nilikuwa naitazama kila nilipokutana na watu njiani, wanione. Niliingia kwa bibi yangu, kijijini Mwika, nikamkuta mwanafunzi mwenzangu Athumani amekaa kwenye kigoda changu, kisu mkononi, anamenya ndizi. Bibi alikuwa amemwinamia, mdomo karibu na sikio lake, anamnong'oneza. Aliponiona mlangoni akanyamaza, akarudi kwenye chungu chake kama mtu aliyekuwa akizungumzia habari za chumvi.

Mwanangu, umeniambia kwamba unaandika mchezo wa sinema kuhusu majasusi wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, na kwamba darasani kwenu yuko mmoja anayeandika vizuri kuliko wewe, na kwamba ukisikia akisifiwa unakosa hamu ya kula. Kuhusu majasusi sina mengi. Chuo sikukimaliza, baba aliugua nikarudi nyumbani. Mengi ninayoyajua niliyasoma mwenyewe baadaye, kitabu baada ya kitabu, jioni nikitoka kwenye kahawa. Lakini kuhusu huyo mwenzako nina la kukuambia. Na mimi nilikuwa naye wangu, na nilimwonea wivu kwa bidii kuliko nilivyofanya kazi nyingine yoyote mwaka ule.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Gari la sinema la serikali lilikuwa likipanda mlimani, wanatandika shuka nyeupe kwenye uwanja wa chuo chetu cha ualimu na kutuonyesha namna ya kunyunyizia kahawa dawa. Bwana aliyesimamia kazi hiyo alimwambia mkuu wetu kwamba sasa wanataka picha yenye kisa, kisa cha kweli cha zamani, kitakachoandikwa na wanafunzi na kuchezwa na watu wa mlimani wenyewe. Mwalimu Aminieli, aliyetufundisha Kiswahili, aliteua wawili. Mimi aliniteua kwa sababu insha zangu zilikuwa safi, hazina kufutwafutwa. Athumani alimteua kwa sababu alizaliwa Moshi mjini, mtoto wa fundi cherehani, na alikuwa ameingia kwenye jumba la sinema mara nyingi kuliko mimi nilivyoingia mjini penyewe.

Kisa kilikuwa changu. Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba wakati wa vita ile babu yangu alipeleka habari za kambi za Wajerumani upande wa pili wa mpaka, kwamba mtu alimchongea, na kwamba askari walimchukua asubuhi moja asirudi tena. Hayo tu. Bibi alikuwa mjane wake, na nilikuwa nimemuuliza tangu nikiwa mdogo, naye alinijibu jibu moja miaka yote. Watu walikwenda vitani, alisema, wengine hawakurudi, kula ndizi zako kabla hazijapoa.

Kwa hiyo yaliyopungua niliyajaza mwenyewe. Niliandika kurasa nyingi. Babu yangu alificha barua ndani ya soli ya kiatu, akavuka msitu usiku, akakamatwa, akasema maneno marefu mbele ya afisa wa Kijerumani kuhusu haki na nchi yake. Nilimsomea Athumani bwenini, wenzetu wakisikiliza.

"Babu yako alikuwa na viatu?" aliuliza Athumani nilipomaliza.

Nilisema sijui.

"Kusoma je, alijua?"

Bweni zima lilicheka. Na mimi nilicheka, kwa meno tu. Yeye hakuwa ameuliza kwa dharau, alitaka kujua. Nilipoyafikiria baadaye niliona hivyo. Lakini usiku ule nilihesabu kila aliyecheka, na tangu hapo nilianza kumchunguza Athumani kama mtu anayechunguza jani lenye ugonjwa. Niliona kwamba Mwalimu Aminieli humtazama yeye anapofanya mzaha darasani. Niliona kwamba mwandiko wake ni mbaya na hakuna anayemkemea. Niliona, na hili ndilo lililoniuma, kwamba mimi nikiandika watu wanasema, yeye akiandika watu wanaonekana. Alikuwa akiniambia, hapa kamera itazame mikono tu, hapa tusimwonyeshe uso mpaka ageuke, na mimi nilikuwa naona kweli mikono, naona mgongo, halafu namchukia kwa kuwa nimeona.

Tukakubaliana twende wote kwa bibi Jumamosi tumuulize ukweli. Jumamosi ikafika, nikamwambia atangulie, mimi nakamilisha kunakili kazi yangu kwenye karatasi safi. Akatangulia na ratili moja ya sukari. Ndipo nikafika na saa yangu ya kuazima, nikaona nilichokuambia.

Nikueleze kilichotokea kabla sijafika, kama nilivyokuja kukijua. Kwetu mlimani, siku zile, mwanamume hakai jikoni na wanawake akamenya ndizi. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila hutamwona. Athumani hakujua. Alimkuta mwanamke mzee peke yake na lundo la ndizi, akachukua kisu. Kichagga alikuwa anacho, lakini alikipata sokoni, kwa sababu mama yake aliuza vitumbua katikati ya wanawake wa mlimani waliokuja na maziwa na mikungu. Basi Kichagga chake chote kilikuwa cha wanawake, pamoja na namna yao ya kusalimiana na kutukanana. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Hivi ndivyo alivyocheka naye, na mimi, mjukuu wake wa kwanza, sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumchekesha hata kidogo.

Tulipokuwa tunarudi chuoni jioni ile, Athumani alinisimulia kila kitu alichoambiwa. Jasusi alikuwa bibi.

Babu alikuwa akipeleka kuni kambini kwa Wajerumani, na huko alihesabu mahema. Lakini mwanamume akionekana karibu na mpaka wakati ule alisimamishwa na kuulizwa, na mwanamume akionekana sokoni alichekwa kwanza ndipo akaulizwa, kwa kuwa soko ni la wanawake. Wanawake walipita. Wa upande wa pili walileta magadi, wa kwetu walipeleka ndizi, vita au si vita. Basi babu akirudi alimwambia bibi hesabu, na bibi alfajiri alikata mkungu, akaondoa chane mpaka zikabaki zilizo sawa na idadi ya mahema. Akaweka ngata, akajitwisha, akapita mbele ya askari wa Kijerumani na hesabu yao kichwani kwake. Huko sokoni alikuwapo mwanamke mmoja wa ng'ambo aliyejua kuusoma mkungu. Walipatana bei kwa sauti kubwa, wakatukanana kidogo, wakaagana.

Chane zilizoondolewa zililiwa na mbuzi. Mtu mmoja alipita asubuhi mpakani mwa kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, akaona ndizi nzuri zinatupiwa mbuzi wakati wa njaa. Akajiuliza, akasema alichokiona mahali fulani. Askari walimfuata babu. Haikuwapitia akilini kwamba mpeleka habari angeweza kuwa mke wake.

"Ni nani huyo mtu?" nilimuuliza Athumani.

"Jina aliniambia," alisema. "Akaniambia nisikuambie."

Alisema wazi, bila hila, kwa sababu hakuwa na tabia ya kuficha kwamba anaficha. Angenidanganya ningeweza kuishi vizuri zaidi. Nilitembea mbele yake mpaka chuoni. Damu ya babu yangu, mpaka wa kwetu, mdomo wa bibi yangu, na jina limo ndani ya sikio la mtoto wa fundi cherehani.

Aliandika mchezo kwa majuma mawili, na mimi nilinakili. Ulikuwa mzuri, mwanangu. Nasema hivyo kama mtu aliyesoma mingi baadaye. Mwanamke anakata mkungu na hasemi kitu. Askari anaunyooshea mkono mkungu, anakata chane moja, anakula, na wewe unayetazama unajua kwamba hesabu imeharibika. Sokoni, mwanamke anamlaani askari kwa sauti ili yule wa ng'ambo aelewe kwamba pengo si sehemu ya hesabu. Niliunakili ukurasa ule polepole. Nilitafuta kosa, nikapata makosa mawili ya tahajia, nikayasahihisha kwa furaha isiyo na kiasi.

Mchongezi hakuonekana kamwe. Athumani aliandika kwamba kamera itazame masale, ile mimea tunayopanda mipakani, majani yatikisike, halafu isikike miguu ikiondoka. Basi.

Alitaka jina langu litangulie kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kisa ni cha kwetu. Nilimjibu kwamba sihitaji sadaka. Alinitazama kwa mshangao, akaandika majina yote mawili kwenye mstari mmoja.

Bwana wa sinema alikuja katikati ya juma. Tuliitwa ofisini kwa mkuu, mimi na Athumani, na Mwalimu Aminieli akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Yule bwana, Mzungu, alisema Kiswahili kizuri, cha pwani, taratibu. Alisema hadithi ya mkungu imemfurahisha kuliko zote alizopokea, na angependa kuipiga picha Mwika kwenyewe, na mwanzoni mwake yaandikwe maneno kwamba mambo haya yalitokea kweli mahali hapa. Kwa hiyo alikuwa na swali moja. Mchongezi. Watazamaji watataka uso wake. Je, alijulikana?

Athumani alikuwa amefungua mdomo. Naamini angesema jambo la busara, kwamba hakujulikana, na mambo yangekwisha. Nilimtangulia.

"Athumani anajua," nilisema. "Bibi yangu alimtajia."

Sikupanga kulisema. Lilikuwa limekaa kooni tangu ile saa tisa na robo. Nilitaka alitaje lile jina mbele yangu, nilipate, niwe sawa naye. Na kama hakulisema, nilitaka aaibike. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

Watu wazima watatu walimgeukia. Alinitazama kidogo tu, akamtazama yule bwana.

"Sijui jina lolote, bwana," alisema. "Sehemu ile niliitunga."

"Umeitunga ipi? Mchongezi tu, au na mkungu?"

Niliona anafikiri. Akisema mkungu ni kweli, maswali yatarudi, na yule bwana atapanda Mwika kumuuliza bibi mwenyewe, barazani, majirani wakisikia.

"Yote," alisema Athumani.

Bwana wa sinema alifunga karatasi zetu. Hakukasirika. Alisema kwamba mwandishi mmoja anasema kisa ni cha kweli na mwingine anasema ni cha kutunga, na yeye hawezi kupeleka Dar es Salaam hadithi ambayo wenyewe walioiandika hawakubaliani kama ilitokea. Alitushukuru, akaondoka. Mwalimu Aminieli alimwambia Athumani kwamba amemvunjia heshima mbele ya wageni, kwamba alipewa kazi ya ukweli akaleta uongo. Athumani alisema, nisamehe, Mwalimu. Mimi nilikaa kimya kabisa, sasa ambapo kusema kungekuwa na maana.

Nje alinisubiri kwenye ngazi.

"Wewe ungekuwa jasusi," alisema, "tungenyongwa wote kabla ya chai."

Jumamosi nilipanda Mwika kumshtaki. Ndiyo, mwanangu, nilikuwa bado najiona mwenye haki. Bibi alikuwa amekaa nje anachambua maharage, pale njia ya miguu inapopita kando ya kihamba chetu. Nilimweleza kwamba yule mgeni aliyempenda ametupotezea sinema, amejifanya hajui jina alilopewa, amesema kisa cha babu ni uongo mbele ya mkuu wa chuo. Nikamuuliza kwa nini alimpa yeye, akaninyima mimi mwenye damu.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Yule mtoto ana zamu ya maji kwenye mfereji huu?" aliuliza.

Nilisema hana.

"Ana mpaka na mtu hapa? Ana ng'ombe anayevuka kwa jirani?"

Nilisema kwao ni mjini.

"Basi nilimpa jina kama mtu anavyotua mzigo juu ya jiwe njiani, apumzishe shingo. Miaka mingi nilikuwa nao. Nikikupa wewe sijautua, nimekutwisha. Kesho utaacha kumsalimia mtu. Baadaye mtoto wako ataacha kumsalimia mtoto wake. Na sote tunakunywa mfereji mmoja."

Wakati anasema alipita mwanamume na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasalimia, bibi akaitikia na kumuuliza hali ya mke wake. Akapita mama na kibuyu cha maziwa. Akapita mzee mwenye fimbo, ambaye bibi alimtania kwamba anatembea kama bwana harusi. Nilisikiliza kila salamu kama daktari anavyosikiliza kifua. Zilikuwa sawa. Sikupata hata sauti moja iliyopungua joto.

"Unatafuta nini kwenye salamu zangu?" aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Niligeuza uso, nikatazama njia.

"Babu yako walimpiga ataje aliyepeleka habari," alisema. "Mtu aliyeona kupigwa kwake alinieleza baadaye. Jina walilokuwa wanalitaka lilikuwa langu, naye hakulitaja. Na huyo rafiki yako, kwa maneno yako mwenyewe, ameulizwa mbele ya Mzungu na mbele ya walimu wake, akakubali kuitwa mwongo. Halafu wewe umepanda mlima kuja kumshtaki. Kwangu."

Hakupandisha sauti. Nilikaa karibu naye nikachambua maharage mpaka giza likaingia, na hatukusema tena juu ya jambo lile, siku hiyo wala siku nyingine alizoishi.

Jumatatu nilimwomba Athumani msamaha kabla ya kengele. Alisema yamekwisha, akaniomba wino. Kwa Mwalimu Aminieli nilikwenda pia, nikamwambia mwongo hakuwa Athumani. Alinisikiliza, lakini karatasi zilikuwa zimeshakwenda na bwana wa sinema hakurudi tena chuoni kwetu.

Sasa usidhani wivu uliisha hapo. Usimwamini anayekuambia wivu wake uliisha siku moja. Athumani alifundisha shule Bomang'ombe miaka mingi, nilikuwa nikimtembelea, na kila tulipokaa nilitazama mdomo wake nikijua kwamba jina limo humo. Mara moja, tukiwa watu wazima wenye watoto, nilimuuliza. Alisema amesahau. Nilijua hajasahau, naye alijua kwamba najua. Bibi alipofariki alikuja Mwika na kofia yake, akasimama nasi kaburini, kisha akawashika mikono majirani wetu wote, mmoja mmoja, akiwapa pole. Nilikuwa mfiwa, nilipaswa kuwa nalia. Nilikuwa naitazama mikono yake, nione ni kwa nani atalegea. Hakulegea kwa yeyote. Athumani naye alifariki na jina lile moyoni, na mimi nasalimia watu wote wa njia ile kwa sababu sina namna ya kuchagua.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kufahamu nilikuwa namwonea wivu kwa jambo gani. Kuandika nilijifunza baadaye. Mtu akikaa na kitabu na subira anajifunza. Nilimwonea wivu kwa sababu mtu mzee aliyekaa na siri maisha yake yote alimtazama mara moja akajua pa kuitua. Hicho hakisomwi chuoni.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Mwenzako anayekushinda, msome. Nakili kurasa zake kama nilivyonakili mimi, lakini acha kutafuta tahajia, tafuta alipoanzia. Huenda utakuta alianza kwa kukaa chini na kusaidia kazi ya mtu kabla ya kumuuliza. Wivu ukikujaa, uache ukae tumboni, haujaua mtu huko. Ogopa ukifika kwenye ulimi, hasa mbele ya mtu mwenye cheo anayesubiri jibu. Na unapoandika habari za watu waliopita, kumbuka kwamba watoto wao bado wanachota maji. Yapo ya kuonyesha na yapo ya kuacha nyuma ya majani. Kazi yako haitapungua kitu kwa kuyaacha.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona watu, akupe na rafiki anayekuzidi, akujalie umpende mapema kuliko nilivyompenda mimi wangu. Mzee yeyote atakayekukabidhi neno lake asijute akiwa kaburini. Na wenzako wakikuuliza hadithi ya mkungu ililipa nini, waambie ukweli: niliuliza baadaye, nikaambiwa malipo yaliyokuwa yametengwa, ambayo hatukupata hata senti yake, yalikuwa shilingi mia mbili, mia moja zake na mia moja zangu.